Risasi za Bunduki ya Upepo: Pima Mwenyewe Kigezo cha Balistiki

Swali hili linarudi kila mara, kutoka Somanga, Kivinje na Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini: "Kopo la risasi nililonunua halina namba ya BC. Niipate wapi?" Wengine wanayo namba, lakini haiendani na wanachokiona kwenye shabaha.

Jibu langu ni moja. Ipime mwenyewe, kwa bunduki yako, katika hewa ya kwako. Huhitaji maabara, na huhitaji hata kujua kasi kamili ya risasi. Unahitaji uwiano tu kati ya kasi ya karibu na kasi ya mbali, na uwiano huo hata kipande cha sabuni ya mche kinaweza kukupa.

## Namba hii inasema nini

Risasi ikishatoka mtutuni, hewa inaanza kuipokonya kasi. Kigezo cha balistiki, kile ambacho makopo na programu za simu hukiandika kwa herufi BC, kinasema risasi inastahimili upokonyaji huo kwa kiasi gani. Namba kubwa ni nzuri zaidi. Ili ujue kama hesabu yako imetoka na kitu cha kuaminika, shika viwango hivi vya kawaida:

- Risasi ya milimita 4.5 yenye kichwa bapa: karibu 0.010 hadi 0.015.
- Ya milimita 4.5 yenye kichwa cha mviringo: karibu 0.018 hadi 0.025.
- Ya milimita 5.5 yenye kichwa cha mviringo: mara nyingi 0.025 hadi 0.035.

Ukipata 0.060 kwa risasi ya 4.5, usishangilie. Umekosea mahali.

"Rafiki yangu ana bunduki kama yangu na risasi zilezile, si nichukue namba yake?" Hapana. Risasi hizi zina kiuno chembamba na sketi laini ya madini ya risasi nyuma. Kila mtutu unaikandamiza sketi hiyo kwa namna yake, unaizungusha kwa namna yake, na unaitoa kwa kasi yake. Kwa hiyo namba si ya risasi peke yake. Ni ya risasi, mtutu, kasi na hewa kwa pamoja.

## Kwa nini ujisumbue: upepo wa kusi

Wengi wanadhani kazi ya BC ni kujua risasi itashuka kiasi gani. Kwa umbali wa bunduki ya upepo, hilo ni jambo dogo. Chukua risasi ya 4.5 yenye uzito wa gramu 0.55, inayotoka kwa mita 232 kwa sekunde, BC ikiwa 0.0216. Ikifika mita 45 itakuwa imeshuka sentimita 22.5 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Ongeza BC kwa asilimia 10, na itashuka sentimita 22.1. Tofauti ni milimita 4, na hakuna anayeiona kati ya matundu ya shabaha yake. Ndiyo maana sishauri mtu atafute BC kwa kupima mshuko.

Upepo ni habari nyingine. Sisi wa pwani tuna kusi, inayovuma kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Septemba, na kaskazi inayoshika baadaye mpaka Machi. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule unaochezesha majani ya mnazi mfululizo, ukivuma kutoka ubavuni utaisogeza risasi hiyohiyo namna hii:

- Mita 25: sentimita 4.5.
- Mita 45: sentimita 15.

Ukitumia risasi ya kichwa bapa yenye BC ya 0.012 kwa kasi ileile, kwenye mita 25 tu itasogea sentimita 8.5, karibu mara mbili. Hapo ndipo namba hii inapolipa kazi yake. Mtu wa bara kwenye bonde lililotulia anaweza kuishi bila kuijua. Mpiga shabaha wa Kilwa hawezi.

## Kabla ya kugusa kifyatulio

Sehemu hii isomwe yote, hata na aliyeshika bunduki tangu utotoni.

Sheria. Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usimsikilize anayekwambia kwamba kwa kuwa haina baruti, haikuhusu. Nenda polisi wilayani, uliza kuhusu bunduki yako hasa, na utimize watakachokuelekeza kabla hujainunua au kuitumia. Ujue pia kwamba njiwa wa porini, kanga, tumbili na nguruwe pori ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwawinda bila kibali. Kazi ninayoieleza hapa ni ya shabaha ya karatasi na sabuni.

Mahali. Ufukwe wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, unavutia: tambarare, mrefu, mweupe. Usiutumie. Kina mama wanaochokoa pweza na watoto wanaookota chaza wako kila upande, na risasi ikigonga mchanga mbichi, maji au tumbawe inaruka kwenda usikotarajia. Risasi hizi ndogo zinaweza kufika mita 300 na zaidi zikielekezwa juu. Tafuta shamba la mikorosho au minazi ambalo mwenyewe amekuruhusu, lenye tuta refu la udongo nyuma. Kichuguu kikubwa kinafaa, ila ni kigumu, basi tanguliza magunia mawili ya mchanga mbele yake.

Kuta za kale zisiguswe kabisa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na kuta zake za matumbawe na chokaa hazivumilii kugeuzwa ukingo wa shabaha. Hata gofu dogo lisilo na kibao liache.

Mwili. Vaa miwani ya kukinga macho. Madini ya risasi ni sumu: usizishike risasi mdomoni, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wasikae karibu na kopo.

Saa. Pima alfajiri, wakati umande, yaani upepo wa kutoka nchi kavu, ukiwa dhaifu na upepo wa bahari haujaamka. Siku za maleleji, kati ya msimu mmoja na mwingine, ndizo bora. Usifikiri upepo wa mbele au wa nyuma hauna madhara kwa sababu hauipeleki risasi pembeni. Upepo wa mita 5 kwa sekunde usoni pako unaongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 4 hivi, na BC yako itatoka ndogo kuliko ilivyo.

## Njia ya kwanza: kipimakasi

Kama una kipimakasi cha miale, au unaweza kukiazima, kazi ni fupi.

1. Pima umbali kwa futi ya fundi au kamba iliyopimwa. Hatua za miguu hazikubaliki.
2. Weka kipimakasi mahali pamoja na usikihamishe. Wewe ndiye utakayerudi nyuma.
3. Mbele yake weka ubao mnene wenye tundu la kupitishia risasi, ili risasi iliyopotea isivunje kifaa.
4. Piga 5 ukiwa mita 2 kutoka kwenye kipimakasi. Rudi nyuma mita 25 zaidi, piga 10. Rudi tena mbele, piga 5.
5. Tafuta wastani wa zile 10 za karibu na wastani wa zile 10 za mbali.

Mpangilio huo wa karibu, mbali, kisha karibu tena una sababu. Bunduki ya springi hubadilika kidogo inapopata joto, na ile ya kujazwa hewa hupungukiwa na msukumo kadiri hewa inavyotumika. Ukigawa risasi za karibu mwanzoni na mwishoni, mabadiliko hayo yanajifuta.

Kile kipimakasi kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu hakifai kwa kazi hii, maana kinasafiri na bunduki na hakijui kinachotokea mita 25 mbele.

## Hesabu

Vitabu hutumia logarithimu. Ukigeuza simu yako ubavu, kikokotoo chake kwa kawaida kitakuonyesha kitufe cha ln, na unaweza kukitumia: gawa umbali kwa 7315, kisha gawa jibu kwa ln ya kasi ya karibu juu ya kasi ya mbali. Lakini kuna njia ya darasa la saba inayofika palepale:

- Jumlisha kasi mbili, gawa kwa 2. Huo ni wastani.
- Toa kasi ya mbali kutoka kasi ya karibu. Hicho ni kilichopotea.
- BC = umbali kwa mita × wastani ÷ kilichopotea ÷ 7315.

Mfano: karibu 232, mbali 198, umbali kati ya vituo viwili mita 25. Wastani ni 215, kilichopotea ni 34. Basi 25 × 215 ÷ 34 ÷ 7315 = 0.0216.

Hesabu hii inadai usahihi. Ukikosea kasi ya mbali kwa mita 1 tu kwa sekunde, BC inaruka kwa asilimia 3. Na huo ni umbali wa mita 25. Ukipima kwa mita 10, kosa hilohilo linaiyumbisha BC kwa asilimia 7. Wanaoandika kwamba namba zao "zinachezacheza" karibu wote wamepima umbali mfupi mno. Nenda mbali kadiri unavyoweza kulenga tundu la ubao bila kubahatisha, wala usizidishe hapo.

## Njia ya pili: bembea ya sabuni

Hii ndiyo ya wengi wetu, kwa kuwa kipimakasi ni ghali na si kila mji unacho. Si jambo la kubuni jana. Mwingereza Benjamin Robins alieleza mwaka 1742 jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa pendulamu ya mbao, na kwa chombo hicho aliwaonyesha wataalamu wa mizinga kwamba hewa inapunguza kasi ya risasi zaidi ya walivyodhani. Sisi tutatumia sabuni ya mche, kwa sababu ni laini, inaimeza risasi bila kuirudisha, na inapatikana kila duka.

Vifaa

- Kipande cha sabuni ya mche cha karibu nusu kilo, kirefu, kikielekezwa ncha kwa mpiga shabaha.
- Nyuzi 4 za nailoni za kuvulia samaki, kila moja ikining'iniza sabuni mita 1 chini ya boriti.
- Rula, na kipande chepesi cha kadi kitakachosukumwa na sabuni juu yake.
- Kadibodi yenye tundu dogo.
- Magunia ya mchanga nyuma, mbali kiasi cha kutoizuia sabuni kubembea.

Hatua

1. Funga nyuzi mbili mbele na mbili nyuma, zikipanuka kama V kwa juu. Uzi mmoja hautoshi: sabuni itazunguka na kipimo kitapotea.
2. Weka kadibodi kati ya mtutu na sabuni, risasi ipite kwenye tundu. Pumzi ya mtutu ikiifikia sabuni, itaisukuma na utadhani risasi ina kasi zaidi.
3. Ukiwa mita 2, piga katikati ya uso wa sabuni. Soma kadi imesukumwa sentimita ngapi. Irudishe kadi, sabuni itulie, piga tena.
4. Fuata mpangilio uleule: 5 karibu, 10 mbali, 5 karibu. Kila risasi inayobaki ndani inaongeza uzito wa sabuni, na mpangilio huu unalifuta kosa hilo.
5. Risasi iliyogonga pembeni na kuipindisha sabuni usiihesabu. Irudie.

Sasa jambo zuri. Umbali ambao sabuni inabembea unalingana na kasi ya risasi. Kwa kuwa BC inahitaji uwiano tu, weka sentimita za bembea mahali pa kasi kwenye hesabu ileile. Risasi ya mfano wetu ingeisukuma sabuni ya nusu kilo karibu sentimita 8.1 ikipigwa karibu, na 6.9 ikipigwa kutoka mita 25 nyuma zaidi. Wastani ni 7.5, kilichopotea ni 1.2. Basi 25 × 7.5 ÷ 1.2 ÷ 7315 = 0.0214. Hujapima uzito wa kitu chochote, na umekaribia jibu la kipimakasi.

"Lakini milimita moja nikiisoma vibaya?" Hoja ya haki. Milimita 1 kwenye bembea moja inaiyumbisha BC kwa asilimia 8. Ndiyo maana nasema risasi 10 kwa kila kituo, na rula isomwe kwa nusu milimita. Simu ikiwekwa kwenye kigoda pembeni, nje ya mstari wa risasi, na kurekodi video, unaweza kusimamisha picha na kusoma kwa utulivu.

Ukitaka kasi yenyewe, pima uzito wa sabuni na wa risasi kwa mizani ya sonara. Gawa uzito wa sabuni kwa uzito wa risasi, zidisha kwa bembea iliyo katika mita, zidisha kwa 3.13. Namba hiyo ya mwisho ni ya nyuzi za mita 1 tu. Kimo ni kile cha kunyooka chini kutoka kwenye boriti hadi katikati ya sabuni, si urefu wa uzi wenyewe unaoshuka kimshazari.

## Na ile ya sauti ya simu?

Inawezekana kurekodi mlio wa bunduki na mlio wa risasi ikigonga debe, kisha kusoma muda kati ya milio hiyo. Ukiiweka simu katikati kabisa ya njia, mita chache pembeni, milio yote miwili inasafiri umbali sawa kuifikia na huna haja ya kuhesabu kasi ya sauti. Tatizo ni bunduki ya springi: mlio wake unaanza kabla risasi haijatoka. Itumie kuhakiki tu. Kwa BC, bembea inanipa imani zaidi.

## Hewa yetu ni nyepesi

Hapa ndipo hata wenye vifaa vizuri wanapotea. Namba ile 7315 na programu nyingi za simu zinachukulia hewa ya kawaida ya nyuzi joto 15 usawa wa bahari. Kilwa hatuna asubuhi ya nyuzi 15. Hewa yetu yenye joto na unyevu ni nyepesi kwa asilimia 4 hivi alfajiri ya nyuzi 25, na asilimia 6 hivi mchana wa nyuzi 30. Ndiyo, unyevu unaipunguzia hewa uzito, ingawa mwili unahisi kinyume.

Una njia mbili, na uchague moja:

- Unapiga Kilwa na Lindi tu. Tumia BC uliyopata kama ilivyo, na kwenye programu acha hali ya hewa ya kawaida bila kuigusa.
- Unasafiri. Zidisha BC yako kwa 0.96 kama ulipima kwenye nyuzi 25, au 0.94 kwenye nyuzi 30. Mfano wetu wa alfajiri unakuwa 0.0207. Kisha kila uendako jaza joto na mgandamizo halisi wa mahali hapo. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko yetu kwa zaidi ya asilimia 10, na risasi yako itapoteza kasi polepole zaidi.

Kosa la kawaida ni kufanya nusu ya kila njia: kuweka BC ambayo haijarekebishwa, kisha kujaza nyuzi 30 kwenye programu. Hapo umehesabu wepesi wa hewa mara mbili.

Programu ikikuuliza aina ya ukinzani, chagua G1, au GA kama ipo, kisha usiibadilishe tena. G7 imetengenezewa risasi ndefu zenye mkia uliochongoka za bunduki za baruti, haihusiani na sketi yetu.

## Makosa yanayorudi

- Kupima siku bunduki imetoka kupakwa mafuta. Kwenye bunduki ya springi mafuta yakiingia kwenye silinda yanaungua, na risasi kadhaa za kwanza zinatoka na kasi ya uongo. Piga 20 za kuisafisha kwanza.
- Kuacha kopo wazi. Hewa ya chumvi inazipaka risasi unga mweupe, na zikishafika hapo kila moja ina tabia yake. Funga kopo na uliweke pakavu.
- Kuchanganya makopo mawili. Pima uzito wa risasi 20 kutoka kila kopo, na kama wastani unatofautiana, yahesabu kama aina mbili.
- Kutupa majibu usiyoyapenda. Risasi huondolewa kwenye hesabu kwa sababu uliyoiona kwa macho, kama kugonga pembeni ya sabuni, na si kwa sababu imeharibu wastani.
- Kudhani BC kubwa inaigeuza bunduki ya upepo kuwa bunduki ya kuua nguruwe pori. Risasi ya mfano wetu ina nguvu ya jouli 15 hivi mtutuni na 8 hivi kwenye mita 45. Itamjeruhi mnyama na kumwacha ateseke porini.

## Ukishapata namba

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, joto, aina ya risasi, uzito, umbali, kasi au bembea, na BC. Pima tena siku nyingine. Majibu mawili yakikaribiana ndani ya asilimia 5, chukua wastani na uuamini. Yakiachana zaidi, tafuta upepo au umbali uliopimwa vibaya kabla ya kulaumu risasi.

Kisha tengeneza jedwali la upepo la umbali wako, ulibandike kwenye kitako cha bunduki. Ukiona kwenye jedwali hilo kwamba kusi ya alasiri itaisogeza risasi sentimita 15, na shabaha yako ina upana wa sentimita 5, usipige. Subiri alfajiri.